Ufa wa Tangi Hauzibwi Hivi Hivi

Hotuba kwa mkutano wa mafundi wa kuchomelea, wakaguzi na wanafunzi wa uhandisi, Kisumu. Nimeiweka hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakufika. Picha za ukutani nimeziacha.

Mama mwenyekiti, wazee wetu wa jua kali mliotoka Kibuye, wageni wetu wa Kakamega na Nakuru, walimu, wakaguzi, na nyinyi vijana mliojaa huko nyuma: amosou. Hamjambo?

Mlangoni kila mmoja amepewa kipande cha waya, ule wa kufungia nondo. Naomba mkitoe. Kikunje katikati mpaka ncha mbili zikutane. Vizuri. Sasa kinyoosheni kwa vidole, bila koleo na bila nyundo.

Kimenyooka? Nawaona mnacheka. Kimenyooka kushoto, kimenyooka kulia, lakini pale ulipokunja pamebaki kibyongo. Pamekataa. Waya ni uleule na mkono ni uleule, lakini pale palipokunjwa pamekuwa pagumu kuliko penginepo. Endelea kukunja na kunyoosha palepale. Mzee wangu wa mstari wa mbele, wako umeshakatika? Umekatikia wapi? Umekatikia palepale palipokuwa pagumu zaidi.

Basi ninyi mmeshafanya nusu ya kazi yangu. Chuma kikikunjwa baridi, yaani bila kupashwa moto, kinapata nguvu, na kinailipia nguvu hiyo kwa unyumbufu wake. Chuma kinakuja kutoka kiwandani na akiba ya kunyumbuka. Ukikipitisha kwenye roli, umetumia sehemu ya akiba hiyo. Ukikibonyeza kwenye presi kutengeneza kichwa cha tangi, umetumia sehemu kubwa zaidi. Halafu tangi linapelekwa kazini, linajazwa gesi, linapigwa jua, linatikiswa barabarani kutoka Nakuru kupanda Timboroa, na sisi tunalitarajia livumilie kana kwamba akiba bado iko kamili.

Nimeombwa nizungumze juu ya nyufa katika matangi ya shinikizo yaliyokunjwa baridi, hasa yale ya chuma chenye nguvu ya juu. Na nimekuja na ugomvi. Ugomvi wangu ni na methali tunayoipenda sote: usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa nyumba, sawa. Kwa tangi la shinikizo, naomba tuiweke kando kwa saa moja. Fundi anayekimbilia kuziba ufa kabla ya kuuliza ufa ulizaliwa wapi anaweza kuwa anautengenezea ndugu yake mkubwa.

Twende Dakar.

Tarehe 24 Machi 1992, katika kiwanda cha mafuta ya karanga mjini Dakar, Senegal, kulikuwa na tangi la lori lenye amonia, gesi kali yenye sumu. Tangi hilo lilikuwa la chuma chenye nguvu ya juu. Lilijazwa zaidi ya tani 22, wakati kiwango lililoruhusiwa kubeba kilikuwa chini ya tani 18. Lilipasuka. Watu 129 walikufa, na zaidi ya elfu moja wakaumia. Baadhi yao hawakuwa wafanyakazi wa kiwanda. Walikuwa majirani, wapita njia, watu waliokuwa kwenye shughuli zao.

Sasa nisikilizeni hapa, mafundi. Tangi lile lilikuwa limewahi kupata ufa kabla ya siku hiyo. Na ufa ule ulikuwa umezibwa. Lilichomelewa, likarudishwa kazini, likaendelea kujazwa kupita kiasi. Mtu fulani, fundi kama mimi na wewe, aliziba ufa, akaondoka akiwa na amani moyoni.

Je, aliuliza chuma kile ni cha aina gani? Je, aliuliza kwa nini kilipasuka? Je, kuna aliyekipasha moto baada ya kuchomelea, kutoa mkazo, ile nguvu ya kuvutana iliyobaki ndani ya chuma? Mimi sikuwa pale, siwezi kuwajibia. Lakini wangapi kati yetu huuliza maswali hayo lori linapoingia karakana saa kumi na moja jioni, dereva anasema anataka kuondoka usiku huohuo?

Wangapi? Usiinue mkono. Jibu moyoni.

Kwa nini basi watu wanapenda chuma chenye nguvu ya juu? Sababu ni ya biashara na si mbaya. Bamba la kawaida tunalolijua hapa huanza kunyumbuka bila kurudi likifikia mkazo wa 250 hivi kwa kipimo cha megapaskali. Vyuma vya lori za gesi vilivyopozwa ghafla na kupashwa tena, kama ile aina inayoitwa A517, vinafika 690. Ni karibu mara tatu. Ukiwa na chuma cha namna hiyo unaweza kutumia bamba jembamba, tangi linakuwa jepesi, na mzigo unaongezeka. Kila kilo uliyopunguza kwenye chuma ni kilo ya gesi unayoiuza.

Ila kuna deni. Tangi jembamba la chuma chenye nguvu linafanyishwa kazi kwa mkazo mkubwa zaidi, na hesabu ya nyufa haina huruma: kama uwezo wa chuma kuzuia ufa ni uleule, ukizidisha mkazo mara mbili, urefu wa ufa unaoweza kuvumiliwa unashuka hadi robo. Narudia kwa vijana wanaoandika: mkazo mara mbili, ufa robo. Tangi la kizamani la bamba nene lingeweza kuishi na ufa ambao jicho la mkaguzi lingeuona kabla haujawa hatari. Tangi la chuma chenye nguvu linaweza kuuawa na ufa ambao jicho halijauona bado.

Na mkazo si ule unaoandikwa kwenye geji tu. Kuna mkazo uliofungiwa ndani ya chuma chenyewe tangu siku ya kukunjwa na siku ya kuchomelewa. Tangi likiwa tupu, limeegeshwa chini ya mwembe, geji iko sifuri, kandokando ya mshono mkazo huo unaweza kuwa umefika karibu na kikomo cha chuma chenyewe. Chuma chenye kikomo cha juu kinaweza kufungia mkazo wa juu. Ndiyo maana nasema nguvu ya chuma si dhamana. Nguvu inakuruhusu kubeba zaidi, pamoja na kubeba siri zaidi.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Msiogope, ni ya kuzidisha na kugawanya.

Bamba la milimita 12. Unalizungusha kwenye roli kutengeneza mwili wa tangi lenye kipenyo cha mita moja na robo hivi, tuseme nusu yake, kutoka katikati ya unene wa bamba, ni milimita 600. Kujua uso wa nje umevutwa kiasi gani, chukua 50, zidisha kwa unene, gawanya kwa hiyo milimita 600. Hamsini mara 12 ni 600. Gawanya kwa 600, unapata moja. Asilimia moja. Hiyo ni kidogo, chuma hakijaumia.

Haya, kichwa cha tangi, ile sehemu ya mwisho iliyobinuka. Katikati yake pamebinuka taratibu, lakini ukingoni, pale kichwa kinapogeuka kukutana na mwili, pana kona kali. Kwa tangi la ukubwa huo, kona hiyo inaweza kuwa na nusukipenyo cha milimita 78 tu kutoka katikati ya unene. Na kwa sababu kichwa kinabinuka pande mbili kwa pamoja, tunatumia 75 badala ya 50. Sabini na tano mara 12 ni 900. Gawanya kwa 78.

Nani amepata? Sema kwa sauti, binti yangu. Kumi na moja na nusu. Asante.

Mwili asilimia 1, kona ya kichwa zaidi ya 11. Tangi moja, bamba moja, siku moja ya kazi. Kanuni za ASME, chama cha wahandisi wa mitambo cha Marekani, zimeweka alama kwenye asilimia 5: ukipita hapo kwa kukunja baridi, na masharti fulani yakiwepo, kama vile tangi la kubeba sumu kali au bamba nene, kichwa lazima kipashwe moto kabla hakijatumika. Kwa vyuma vile vya nguvu ya juu vilivyopozwa na kupashwa, kanuni inabana zaidi. Alama hiyo imewekwa na watu waliookota vipande.

Vipande vya wapi? Vingine vya hapa hapa Afrika.

Potchefstroom, Afrika Kusini, tarehe 13 Julai 1973. Kiwanda cha mbolea. Matangi ya kulala yenye amonia, kila moja la tani 50. Hakuna gari lililogonga tangi. Hakuna moto. Shinikizo lilikuwa la kawaida. Mchana tu, tangi moja likatoa kipande kwenye kichwa chake, kama sahani iliyodondoka sakafuni. Sikusema kwenye mwili, nimesema kwenye kichwa. Tani nyingi za amonia zikatoka kwa mara moja, wingu likaenea, watu 18 wakafa, baadhi yao nje ya uzio wa kiwanda.

Uchunguzi ulipofanywa, chuma cha kichwa kile kilikutwa kimekauka: kwenye joto la kawaida la mchana, chuma ambacho kingepaswa kunyumbuka kilikuwa kinavunjika. Kichwa kilikuwa kimetengenezwa kwa kubinuliwa baridi, na tangi halikuwa limepashwa moto kutoa mkazo baada ya kutengenezwa. Hapo ndipo waya wenu wa mlangoni ulipo, ndugu zangu. Umekunjwa, umekuwa mgumu, ukaachwa hivyo hivyo, ukapewa kazi ya kulinda watu.

Kuna jambo jingine ndani ya kisa hicho ambalo mafundi wengi hawalijui, nalo ni uzee. Chuma cha kawaida kina naitrojeni na kaboni kidogo zilizosambaa ndani yake. Kikikunjwa baridi, chembe hizo zinahama polepole na kujibana kwenye zile sehemu zilizovurugika. Miezi inapita, chuma kinazidi kukauka bila kuguswa. Na ukikiongezea joto la wastani, kati ya nyuzi 120 na 480 za Selsiasi, unaharakisha uzee huo badala ya kuutibu.

Sasa nawageukia wazee wangu wa jua kali, na ninasema kwa heshima. Kuna tabia ya kupasha bamba kwa moto wa gesi mpaka lianze kugeuka buluu, ili likunjike kwa urahisi. Nimeiona Kisumu, nimeiona Eldoret, nimeiona Nakuru. Buluu ile ndiyo joto baya kuliko yote. Ama kunja baridi kabisa ndani ya kiwango, ama pasha mpaka lifike joto la kweli la kufulia, jekundu, kwa chuma kinachoruhusu hivyo. Hapo katikati, kwenye buluu, usipige nyundo. Chuma cha lori la gesi chenyewe usikipashe jekundu hata kidogo. Nguvu yake yote ilitoka kwenye kupozwa na kupashwa kiwandani, ukikipasha kupita hapo umerudi na bamba la kawaida lenye bei ya dhahabu.

Mtu ataniambia: mwalimu, hapa Kisumu joto ni la kutosha, chuma hakiwezi kuvunjika kwa baridi. Nimeisikia hoja hiyo mara nyingi. Amonia inachemka nyuzi 33 chini ya sifuri. Propani, iliyomo kwenye gesi yetu ya kupikia, inachemka nyuzi 42 chini ya sifuri. Tangi likivuja, shinikizo likishuka haraka, kimiminika kilichobaki kinachemka kwa fujo na kinapoza chuma kinachokigusa. Barafu inashika kwenye valvu mchana kweupe, jua la Kondele likiwaka. Mnayajua hayo, mmeona mtungi wa gesi ukitoka jasho na kuganda. Kwa hiyo baridi ya tangi haiulizi hali ya hewa.

Na hata jaribio la maji linaweza kuwa hatari. Desemba 1965, Uingereza, katika kiwanda cha John Thompson, chombo kikubwa cha kiwanda cha amonia kilikuwa kinajaribiwa kwa maji. Ukuta wake ulikuwa na unene wa milimita 149. Sikilizeni unene huo! Kilivunjika kikiwa kwenye jaribio, na kipande cha tani mbili kikarushwa mbali. Ufa mdogo kando ya mshono, chuma kisichopata moto wa kutosha wa kutoa mkazo, na maji baridi. Hivyo vitatu tu. Bahati ilikuwa kwamba kilijazwa maji. Kingejazwa hewa kwa shinikizo lile, sijui kama kungebaki jengo. Ndiyo maana kila nikiona kijana anapima tangi la kompresa kwa kulijaza upepo na kupaka sabuni huku ameliinamia, huwa namwondoa pale kwanza, maelezo baadaye.

Nimesema mengi juu ya kukunja. Sasa tuongee juu ya kilichomo ndani ya tangi, maana kuna nyufa ambazo kukunja peke yake hakuzileti, na kilichomo ndani peke yake hakizileti. Zinahitaji wazazi wawili.

Miaka ya 1950, wakulima wa Marekani walianza kutumia amonia kama mbolea kwa wingi, na matangi ya kuibeba yakaanza kupata nyufa kwa namna ambayo hakuna aliyeielewa. Amonia ilikuwa inajulikana kuwa haisumbui chuma. Watafiti walipochunguza, waligundua mambo matatu. Nyufa zilikuwa zinapenda vichwa vilivyobinuliwa baridi bila kupashwa moto, na mishono. Zilikuwa mbaya zaidi kwenye vyuma vyenye nguvu. Na mchochezi alikuwa hewa: oksijeni iliyoingia ndani ya tangi pamoja na amonia. Dawa waliyoipata inashangaza kwa urahisi wake. Ni maji. Asilimia 0.2 ya maji ndani ya amonia, nyufa zinapungua sana. Mpaka leo sheria za usafirishaji za Marekani zinadai maji hayo kwa matangi ya vyuma vya namna hiyo.

Fikirini: mtu mwenye bidii anayetaka amonia safi kabisa, kavu kabisa, anaweza kuwa analiua tangi lake. Wenye viwanda vya barafu na vyumba vya baridi huku ziwani, andikeni hiyo.

Na hili si jipya. Boila za zamani za ribiti, za enzi za meli za mvuke, zilikuwa zikipasuka kwenye matundu ya ribiti. Matundu yalitobolewa kwa kupigwa baridi, ribiti zikabana chuma, na maji ya boila yenye magadi yakapenya kwenye kiungo na kujikusanya humo mpaka yakawa makali. Chuma kilichoumizwa baridi, mkazo, na kemikali. Wazazi walewale, mtoto yuleyule.

Sasa ndugu zetu wa Nakuru. Kaunti yenu ina Olkaria na Menengai, na mvuke wa ardhini unakuja na gesi yenye harufu ya yai bovu, salfidi ya haidrojeni. Gesi hiyo ikiwa pamoja na maji, inaingiza haidrojeni ndani ya chuma. Haidrojeni ni chembe ndogo mno. Inapenya chuma na kwenda kukaa pale penye mkazo na ugumu. Chuma laini kinaivumilia. Chuma kigumu kinapasuka. Kwa hiyo viwango vya kimataifa vya mafuta na gesi vimeweka kikomo cha ugumu, 22 kwa kipimo cha Rockwell C kwa vyuma vya kawaida. Mtu asije akaleta bolti ya nguvu ya juu kwenye mvuke huo akidhani amesaidia. Na bamba alilolikunja baridi bila kulituliza kwa moto, amelipandisha ugumu mwenyewe kwa mkono wake.

Romeoville, jimbo la Illinois, tarehe 23 Julai 1984. Kiwanda cha kusafisha mafuta. Mnara mrefu wa shinikizo uliokuwa wa kuondoa gesi hiyohiyo ya yai bovu. Miaka kumi kabla, kipande cha mnara kilikuwa kimekatwa na kubadilishwa, kikachomelewa palepale uliposimama, bila kupashwa moto kutoa mkazo. Kando ya mshono chuma kilikuwa kigumu, na haidrojeni ikafanya kazi yake kwa miaka. Siku hiyo mfanyakazi akaona gesi inavuja kwenye ufa wenye urefu wa kama kiganja. Akajaribu kufunga valvu. Ufa ukaongezeka mbele ya macho yake. Zimamoto wa kiwanda wakaitwa, wakafika. Wakiwa pale, mnara ukakatika mzingo mzima na sehemu ya juu ikaruka kama kilomita moja. Watu 17 walikufa, wengi wao wale waliokuja kuokoa.

Mkumbuke ufa ule ulikuwa kando ya mshono wa marekebisho. Tena kando ya mshono wa marekebisho.

Kuna haidrojeni nyingine, na hii tunaileta sisi wenyewe kwa mfuko wa plastiki. Elektrodi, vijiti vya kuchomelea, zilizokaa wazi kwenye karakana msimu wa mvua. Unajua Kisumu inaponyesha, hata sukari kwenye kopo inashikana. Unyevu ule unaingia kwenye ngozi ya elektrodi, unavunjika kwenye moto wa umeme, haidrojeni inaingia kwenye mshono. Ile E6013 tunayoipenda kwa madirisha na mageti haina nafasi yoyote kwenye chuma chenye nguvu ya juu. Kwa asili yake inatoa haidrojeni nyingi. Inayofaa ni ya haidrojeni kidogo, ya jamii ya E7018, yenye nguvu inayolingana na chuma, tena iwe imekaushwa kwenye oveni, karibu nyuzi 300 hadi 350, kwa kufuata karatasi ya mtengenezaji, na itunzwe kwenye joto mpaka dakika ya kuishika. Kuziweka juani juu ya mabati si kuzikausha.

Na ufa wa haidrojeni una ujanja. Hauji ukiwa unaangalia. Unamaliza kuchomelea, unagonga takataka, unapaka rangi ya kupenya inayoonyesha nyufa, unaona safi, unapewa pesa. Ufa unazaliwa kesho, au kesho kutwa. Ndiyo maana kwa vyuma hivi mkaguzi anayejua kazi anasubiri angalau saa 48 kabla ya kupima. Dereva anataka kuondoka usiku huohuo? Hapo ndipo mnakosana, na ni afadhali mkosane.

Mambo ya mezani nitayapitia haraka, maana mnayajua kuliko mimi. Ukingo uliokatwa kwa shea, ile mashine ya kukata bamba, au kwa moto wa gesi una tabaka gumu lenye vinyufa. Usagwe kwa grainda kabla ya kukunja, na kona ziwe za mviringo. Bamba lina mwelekeo wa kuviringishwa kiwandani. Mstari wa kukunja uvuke mwelekeo huo, usilale nao. Alama za nambari zisigongwe kwa patasi kwenye kona ya kichwa. Na ncha za bamba zikunjwe kwanza kabla ya kuzungusha mwili; usipofanya hivyo tangi linabaki na pembe kama paa kwenye mshono wa urefu, na kila likijazwa na kutolewa upepo pembe ile inapinda na kurudi, inapinda na kurudi. Matangi ya kompresa ya mafundi wa panchari yanakufa hivyo. Hayafi kwa shinikizo kubwa, yanakufa kwa kujazwa na kutolewa mara maelfu.

Sasa swali ambalo najua liko midomoni mwenu: mwalimu, oveni ya kupasha tangi zima tutaitoa wapi? Swali halali. Kutoa mkazo kwa bamba la kawaida kunataka karibu nyuzi 600, saa moja kwa kila milimita 25 za unene, joto likipanda na kushuka taratibu. Kwa vyuma vya nguvu ya juu joto linakuwa chini ya hapo, na vingine vinaharibika kabisa vikipashwa vibaya. Bomba la moto wa gesi mkononi halifanyi hivyo. Linapasha sehemu moja, ya jirani inabaki baridi, na unaongeza mkazo mpya juu ya ule wa zamani.

Kwa hiyo jibu langu ni la mtu wa sokoni. Vichwa msivitengeneze. Agizeni vichwa vilivyokwisha kubinuliwa na kupashwa kiwandani, na pamoja navyo mdai cheti cha bamba na rekodi ya joto. Kisicho na karatasi, hata kikiwa kizuri machoni, ni chuma chakavu. Mwili wa tangi zungusheni wenyewe, ni asilimia moja tu, mmeona hesabu. Na tangi la lori la gesi likija na ufa, msiliguse. Mwite mkaguzi aliyeidhinishwa chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007. Mwenye tangi akikasirika, akisema fundi wa pili mtaa wa nyuma atalifanya kwa elfu tatu, mwacheni aende, lakini nambari ya usajili ya lori andikeni, na mpigie simu ofisi ya usalama kazini kabla hajafika huko mtaa wa nyuma. Huko si umbea. Kati ya hapa na huko kuna shule, kuna stendi, kuna mama anayeuza omena.

Mama mwenyekiti ameniashiria muda. Zile nyaya msizitupe: jiko la makaa liko pale mlangoni, atakayetaka apashe kibyongo chake mpaka kiwe chekundu, akiache kipoe polepole, kisha akinyooshe tena aone tofauti. Na yule fundi wa kofia ya buluu aliyeinua mkono tangu tulipofika Dakar, simama, uliza.